Teke Lisilopigwa

Brandt Creek, Nebraska
22 Septemba 1986

Dada Marlys,

Natumaini wewe na mwanao Joleen ni wazima, na kwamba joto la Arizona limekubali kupungua kidogo kwa kuwa Septemba inakwisha. Huku hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri na jirani ameanza kuvuna upande wa mtoni. Binamu Ardith bado analalamikia nyonga, lakini nyonga hiyohiyo ilimpandisha ngazi zote za upande wa mashariki wa uwanja juzi Jumamosi bila kupumzika, kwa hiyo usimwonee huruma kupita kiasi. Mbwa ni mzima. Mwenye jino bovu ni mimi, na hilo nalo litapita.

Sasa jambo lenyewe. Utakuwa umeshaliona gazetini, ingawa najua magazeti ya huko huandika matokeo yetu kwa herufi ndogo kuliko matangazo ya vifo. Tumefungwa. Hollis 17, sisi Korongo 16. Tumefungwa nyumbani, mbele ya watu elfu tisa, na timu ambayo mwaka jana ilifungwa na kila mtu isipokuwa dereva wa basi lao.

Tuliongoza mpaka robo ya nne. Hapo kocha wetu akaanza kucheza kama mtu aliyebeba mayai kwenye kofia, na Hollis wakapita katikati yetu wakaingiza mpira. Sisi tukajikokota yadi kwa yadi mpaka zikabaki kumi na nne kufika mstari wao wa goli, na saa ya ubao ikabakiza sekunde nne. Lilitakiwa teke moja tu la pointi tatu, watu waende zao wakale. Teke lile hata bibi yetu angelipiga akiwa na viatu vya kanisani. Kessler akalipiga, na mpira ukapita kulia mwa mlingoti wa goli kwa upana wa kidole. Ni upepo tu, Dada. Watu waliguna kama waliosomewa hukumu, halafu wakaanza kumtukana kocha, na hapo nikajua wamepata nafuu.

Viti vyetu viko salama. Kile cha Baba nilikitandikia blanketi lake kama kawaida, na hakuna aliyekikalia. Nimetimiza sheria yake: aliyekuwepo amwandikie asiyekuwepo.

Mdogo wako,
Eldon


Tempe, Arizona
30 Septemba 1986

Mdogo wangu Eldon,

Barua yako imefika na imenikuta salama, isipokuwa roho. Joleen anakusalimu. Amepata zamu za mchana hospitalini, kwa hiyo sasa tunaonana. Joto halijapungua, na usilitaje tena. Lile jino kaling'oe. Una miaka sitini na minne, si lazima meno yote uyafikishe kaburini.

Nilipoona ile 17 kwa 16 gazetini nilisimama katikati ya jikoni nikasema neno ambalo sikuwahi kuwaruhusu wanafunzi wangu kulisema kwa miaka thelathini na mmoja. Jirani akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamweleza kwamba Korongo wamefungwa. Akaniuliza hao korongo ni wangapi, na kama niliwafuga mwenyewe. Ndiyo maisha yangu hapa, Eldon. Naishi na watu wema wasiojua lolote.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini barua yako nimeisoma mara nne. Ni fupi. Mwaka jana uliniandikia kurasa sita kuhusu ushindi dhidi ya timu iliyofika bila nusu ya wachezaji wake. Safari hii robo tatu nzima umezimaliza kwa sentensi moja. Hukusema nani aliingiza kwa upande wetu. Hukusema nani alimshikia Kessler mpira chini, wala kama mishono ilielekezwa mbele inavyotakiwa. Baba angekurudishia karatasi hiyo, na mimi nilifundishwa na Baba.

Tafadhali andika upya. Nipe mambo yenyewe, mayai ya kocha muachie kocha.

Dada yako,
Marlys


Tempe
6 Oktoba 1986

Eldon,

Salamu. Joleen mzima, mimi mzima. Sijasubiri jibu lako kwa sababu leo Ardith ameniletea kwa posta ukurasa wa gazeti la Brandt Creek, alioufungia chupa ya jamu ya maboga.

Nimeusoma nikiwa na jamu vidoleni. Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na kulia mwa mlingoti. Hakukuwa na teke, Eldon. Mpira ulimponyoka yule aliyekuwa akiushika, mguu wa Kessler ukapiga hewa, yule mshika mpira akauokota akakimbilia kushoto kama mwizi wa kuku, akaangushwa yadi moja kabla ya mstari wa goli, na saa ikasoma sifuri. Pana na picha. Amelala kifudifudi, mkono ameunyoosha, na kati ya mpira na mstari panatosha kuweka mkate mmoja.

Hicho ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote vilivyotokea uwanjani pale tangu Baba alipoanza kukaa mwaka thelathini na nane, na wewe umeniandikia upepo.

Ulikuwa wapi?

Marlys


Brandt Creek
14 Oktoba 1986

Dada Marlys,

Nafurahi kusikia wote hamjambo na jamu ilifika. Huku theluji haijaanguka lakini asubuhi kioo cha pikapu kinakuwa cheupe. Ardith ametengeneza kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, akaniletea sahani nzima. Uvunaji umefika nusu.

Mji bado haujapoa. Nyumbani kwa kocha kuna vibao kumi na vinne vya NYUMBA INAUZWA vilivyochomekwa kwenye majani, na mkewe anavitumia kuegeshea nyanya. Kinyozi amemkatalia kiti, kisha akamkubalia, akamnyoa vibaya makusudi. Kwenye kipindi cha redio mtu mmoja alipiga simu akasema yeye ni mtulivu na hana chuki na mtu, halafu akazungumza dakika kumi na moja bila kuvuta pumzi. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Kanisa zima lilikuwa linatazama sakafu.

Sasa swali lako. Niliondoka. Zilipobaki dakika sita nilishuka ngazi ili niwahi kutoa pikapu kabla ya msongamano. Yale mengine niliyapata asubuhi yake mgahawani. Kila mtu alikuwa akisema "lile teke, lile teke," huku akitikisa kichwa, na hakuna aliyefafanua, maana nani angemfafanulia mtu mwenye kiti kama changu? Upepo nikauongeza mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Sina la kujitetea.

Eldon


Tempe
20 Oktoba 1986

Eldon,

Salamu za Joleen zimo humu. Za kwangu zisubiri.

Nimeisoma barua yako nikaiweka mezani nikatoka nje kutembea, kwenye jua la saa nane, ambalo daktari amenikataza. Uliondoka. Watu wa kuondoka mapema wako wengi duniani, na wengi ni watu wazuri tu, wanalipa kodi na kupenda watoto wao. Lakini si wa nyumba yetu.

Umemsahau Baba Mdogo Verlin? Mwaka arobaini na tisa aliondoka zikiwa zimebaki dakika tatu, tuko nyuma kwa pointi ishirini, na mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa. Tulishinda. Tangu siku hiyo mpaka anakufa aliitwa Verlin Nusu, na mtoto yule akaitwa mtoto wa Nusu mpaka alipohamia Ohio. Kwenye mazishi yake, mchungaji alipomaliza sala, mtu wa safu ya nyuma akasema, "Leo angalau amekaa mpaka mwisho." Baba alikuwa ndugu yake wa damu, na Baba alicheka.

Na Baba mwenyewe, mwaka hamsini na mmoja, tumefungwa arobaini na nane bila, theluji imemfika kwenye vifundo, ana homa, akakaa mpaka ubao ukazimwa. Mimi nilikuwa pembeni yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wale vijana hawana ruhusa ya kuondoka. Mimi nimeipata wapi?"

Fomu ya viti vya mwakani imeshafika kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na jina ni langu. Mwisho wa kuirudisha ni tarehe mosi Desemba. Nilikuwa naijaza kila mwaka bila kufikiri. Mwaka huu nimefikiri. Naona viti vyote viwili nimwandikie Ardith, ambaye ana nyonga mbovu na anabaki.

Blanketi la Baba lilete kwa posta.

Marlys


Brandt Creek
27 Oktoba 1986

Dada,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo.

Blanketi nimelifunga leo na kulipeleka posta. Nimetia na mfuko wa njugu za Ardith kwa Joleen. Pikapu nayo nimempa Ardith, ina kazi gani kwangu.

Jumamosi tuliwafunga Garnet. Ukitaka habari zake muulize Ardith, yeye ndiye wa viti sasa. Mimi nilikuwepo, lakini neno langu halina thamani tena.

Wewe mpe tu. Sitagomba. Nilianza kukaa pale nikiwa na miaka kumi na sita na nimekaa vya kutosha.

Samahani kwa mwandiko. Ni jino.

E.


Tempe
3 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Unaona naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, maneno matano kwa mstari. Joleen ameniuliza kama nahama. Soma polepole, karatasi ninazo nyingi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa shida, na si kwa sababu ya hasira. Mstari wa tatu umeuandika juu ya mstari wa pili. Jina la Joleen limetoka nje ya karatasi, nadhani liko mezani kwako. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na mmoja, nimeona mwandiko wa kila aina ya ugonjwa na kila aina ya uvivu, na sijawahi kuona jino likifanya hivyo.

Nikampigia simu Ardith. Najua kwetu simu ni ya vifo tu, kwa hiyo alipokea akilia tayari. Nikamwambia anyamaze, anieleze kuhusu siku ya Hollis. Yeye anakaa upande wa mashariki, anakutazama mechi nzima kama jogoo kwenye mnara. Akasema hukuondoka. Uliketi mpaka mwisho, na baada ya mwisho. Watu wote walishuka, bendi ikaondoka, wafagiaji wakaanza kufagia bisi kukuzunguka, na wewe bado umeketi na blanketi mapajani. Halafu ukashuka ngazi moja moja, mkono kwenye chuma, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu.

Kwa hiyo umenidanganya mara mbili. Kwanza ulisema uliona. Kisha ulisema uliondoka. Uongo wa kwanza ungeniudhi siku mbili. Huu wa pili umeniliza, Eldon, maana ulikuwa tayari kuitwa Eldon Nusu mpaka kaburini kuliko kuniambia mimi dada yako jambo moja.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeumbuliwa na gazeti tu, shukuru Mungu.

Sikuulizi kitu. Nakuja. Basi litanifikisha Alhamisi tarehe kumi na tatu, na Jumamosi tutakwenda kwenye mechi ya mwisho. Blanketi limefika juzi. Nalirudisha mwenyewe, na usiniambie lolote kuhusu posta.

Dada yako,
Marlys


Brandt Creek
8 Novemba 1986

Dada Marlys,

Nami nimenunua kalamu nene. Barua hii itakuwa na kurasa nyingi na maneno machache, kama hotuba za kocha.

Daktari wa macho wa Lincoln aliniambia mwezi Mei. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa. Pembeni naona vizuri tu. Ukifika nikikutazama usoni, nitaona masikio yako na kofia. Uwanjani naona vibanda vya soseji, naona bendi, naona ubao wa matokeo nikiutazama kwa upande kama kuku. Mpira siuoni. Tangu Mei sijauona mpira wala aliyeushika. Husikia watu wakiguna nikaguna, wakisimama nikasimama. Siku ya Hollis walisimama, wakaguna, wakakaa, na nikadhani najua nini kimetokea. Kwa miaka arobaini na minane teke likikosa watu huguna vilevile.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungekuja kunipakia kama mzigo unipeleke huko mnakofuga watu wema wasiojua lolote. Nilifikiri bora unikasirikie. Hasira zako nimezizoea, huruma yako sijawahi kuiona na sina pa kuiweka.

Njoo. Ardith atakupokea kituoni na pikapu. Anaiendesha kama anagombana nayo.

Eldon


Tempe
24 Novemba 1986

Mdogo wangu Eldon,

Nimefika salama. Joleen alinipokea kituoni, akasema nimenenepa, nikamwambia amlaumu Ardith na kolache zake. Huku wameweka taa za Krismasi kwenye miti ya miiba, sijui kwa kumkomoa nani. Ardith akusomee barua hii mara mbili, na asiruke sehemu zinazomhusu.

Nilifikiri sina haja ya kuandika, kwa kuwa wote wawili tulikuwepo. Lakini kama ulivyosema kwenye kituo cha basi, mmoja wetu alikuwepo zaidi ya mwingine. Basi hii ndiyo barua ya mechi. Ni ya kwanza mimi kukuandikia wewe, na naomba usiniwekee alama.

Korongo 20, Dunmore 21. Nimeandika hivyo kwanza ili maumivu yatangulie. Nilikaa kwenye kiti cha Baba. Kiti kile ni kibaya, Eldon, kina msumari, na sikuwahi kuelewa kwa nini Baba alikaa ameinama upande mmoja miaka yote hiyo, nilidhani ni heshima. Blanketi tulijifunika wote wawili. Nilikusimulia kila mchezo kwa sauti ya darasani, nani ameushika, amekwenda wapi, ameangukaje. Mwanzoni niliona aibu. Kisha yule mzee Bohaty wa nyuma yetu, ambaye betri za redio yake zilikwisha, akaniinamia akasema, "Mama, ongeza sauti kidogo, na yule namba thelathini na mbili usimchambue sana, ni mjukuu wangu." Kufikia robo ya tatu safu tatu zilikuwa zikinisikiliza. Mwanamke mmoja aliniuliza swali kuhusu adhabu ya yadi kumi na tano. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikuwa na darasa lililokaa kimya.

Ukasema jambo moja tu mechi nzima ambalo nimekuja nalo huku. Ulisema, "Nilikuwa nimesahau jinsi inavyoonekana." Nikajifanya sijasikia kwa sababu Dunmore walikuwa wanaingiza mpira.

Na mwisho ulivyokuwa unaujua. Sekunde sita, yadi ya kumi na nane, Kessler tena. Safari hii mpira ulishikwa chini vizuri kabisa, mishono mbele. Akapiga. Ukapita kushoto, karibu sana na mlingoti. Watu wakaguna. Wewe ukasema "Aha," ukanishika mkono, tukaketi mpaka wafagiaji walipofika.

Fomu ya viti nimeijaza nikiwa kwenye basi, ndiyo maana mwandiko wangu nao umeharibika. Vyote viwili vinabaki kwetu. Sikukuchukua kuja huku kwa sababu huku hakuna timu, na mtu hahamishwi akapelekwa mahali pasipo na timu. Septemba nitakuja mimi, nikae mpaka mechi ya mwisho. Joleen amekubali haraka mpaka nimemshuku.

Dada yako,
Marlys


Brandt Creek
2 Desemba 1986

Dada Marlys,

Tumefurahi umefika salama. Theluji imeanguka mara mbili. Ardith amekusomea... yaani amenisomea barua yako, na aliruka sehemu ya kolache, nikamrudisha. Ndiye anayeandika haya ninavyosema, na kama kuna neno la kumsifu humu, jua ni lake. Mbwa ni mzima. Jino nililing'oa. Kumbe kweli lilikuwa bovu.

Mjini mambo ni yale yale. Vibao kwa kocha vimefika ishirini na mmoja, na safari hii kimoja kilikuwa cha kweli, anahamia Wyoming. Watu sasa wanasema alikuwa mtu mzuri. Kessler amekuwa akila mezani kwa Bohaty bila kuulizwa kitu, maana teke lake la mwisho mji mzima unalisema kwa upole.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimekusikiliza mechi nzima, Dada, na katika maisha yangu sijapata mechi nzuri kama ile. Niliona kila kitu. Niliona na yule mjukuu wa Bohaty akipotea njia. Lakini barua ya mechi ni barua ya mechi, na nilifundishwa na Baba kama wewe.

Mpira haukupita kushoto. Ulikuwa mfupi. Uligonga mtambaa panya wa goli katikati kabisa, ukarudi uwanjani. Nilisikia chuma kikilia, kama sufuria iliyoangushwa kwenye zege, kabla hata watu hawajaguna. Watu wote waliokuwa wakitazama waliuona ukidunda kurudi, na Ardith anatikisa kichwa hapa kwamba ndiyo. Wewe peke yako, mwalimu wa safu tatu, ukauona ukienda kushoto.

Halafu nikakumbuka kwamba sekunde ile blanketi lilivutwa kwa nguvu mpaka magoti yangu yakabaki wazi.

Sikusema kitu pale, wala mezani kwa Ardith, wala kituoni. Nilitaka kuona utaandika nini. Nyani haoni kundule, Dada. Ulipanda basi siku mbili uje kunionea mechi, na teke lenyewe ukalisikiliza ukiwa gizani chini ya blanketi la Baba.

Sikukasirika. Nilicheka peke yangu mpaka mbwa akatoka nje. Na sitamwambia mtu, ila Ardith ambaye ameshaandika, na Bohaty ambaye alikuwa nyuma na aliona.

Kwa hiyo mwakani tugawane kazi. Wewe nisimulie dakika hamsini na tisa. Ile ya mwisho jifunike, mimi nitakusimulia.

Mdogo wako,
Eldon